Ndevu za Mama Mkwe

Kibaoni, Mpimbwe
3 Juni 2024

Kwako Nashon Kashinje,
Misunkumilo, Mpanda.

Hujambo? Mimi mzima, mpunga umeshaingia ndani na mgongo unanidai usingizi.

Mzee Anicet, mshenga wenu, ameileta barua ya posa. Ameileta vizuri, bahasha safi, na akakaa kwenye kiti changu akanywa chai nyingi kuliko posa yoyote inavyohitaji. Nimeisoma. Maneno ni makubwa hadi nikadhani anayeoa ni waziri. Hapo mliposema mmeona ua zuri bustanini mwangu nimecheka sana. Bustanini mwangu kuna bamia.

Sasa nisikilize. Natalia ameshasema ndiyo. Alisema kabla hamjanunua hata hiyo bahasha, najua, nimemzaa mimi. Mimi ndiye sijasema. Baba yake angekuwa hai angekuita, mkakaa, akakuangalia unavyokula na unavyomsalimia mtoto mdogo. Hayupo, kwa hiyo kazi ya kukuangalia ni yangu. Na Mzee Anicet ananiambia kwenu Wasukuma mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, akimwona njiani anaingia porini kumpisha. Haya, mtu aliye porini nitamwangaliaje? Sisi Wafipa ni watani wenu tangu mababu, mimi nimezoea kumcheka Msukuma machoni pake, na yeye anitanie kwamba Wafipa tunarusha radi, tunaachana kwa amani. Leo mmoja anataka niwe mkwe wake, nikae kimya kama picha.

Basi tuandikiane. Simu sitaki. Jambo la kumtoa mtoto halisemwi huku mtandao unakatika. Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi, ananijua.

Swali langu ni moja. Natalia anasema wewe ni mchoraji. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mwashi, ukuta wake ukiuegemea haukuangushi. Mchoraji yeye anafanya nini? Niambie unachora nini sasa hivi, na usinipambe. Natalia ni wangu wa pekee. Tangu aende kazini zahanati ya Mishamo naongea na kuku. Nikiona kazi yako ni ya mtu mwenye akili, nitasema ndiyo. Nikiona ni mchezo, bahasha itarudi Misunkumilo na mambo yataishia hapo.

Ni mimi,
Generosa, mama Natalia.


Misunkumilo, Mpanda
10 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nilishindwa.

Umeniambia nisikupambe, basi nakueleza kama ilivyo. Mimi nachora chochote kinachokaa ukutani. Vichwa vya saluni, kuku wa hoteli, majembe ya duka la pembejeo. Mbuzi wa bucha moja pale sokoni ni wangu, watu wanasema anatia huruma mpaka wanakwenda kununua samaki.

Ila sasa hivi nina kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Bwana Fredrick amejenga gesti karibu na stendi, na kwenye ukumbi wa chakula anataka picha ya Wazungu wa kwanza waliopita nchi hizi, wamepiga kambi porini. Ameikata kwenye kalenda ya zamani. Kuna mahema, kuna moto, kuna meza ya kukunja yenye buli la chai, na mkubwa wao amekaa kwenye kiti anaangalia mbele. Anataka ijaze ukuta mzima, ili watalii wanaokwenda hifadhini wakikaa kula waione. Nikiifanya vizuri, nitaitwa na wengine. Nikiivuruga, narudi kwa mbuzi.

Shida ni kwamba picha yenyewe ni kama kiganja na imefifia, nyuso zimebaki madoa. Na mimi mama nisichokiona siwezi kukichora. Pori nilipanda basi nikashuka Sitalike, nikakaa pale darajani nachora mto na viboko mpaka askari wa wanyamapori akaja kuniuliza kama naumwa. Wapagazi wa msafara nimewachora kwa kuwaangalia wapakiaji wa stendi. Walikuja wenyewe, kila mmoja anataka aongezewe misuli.

Mkubwa wa msafara ndiye alinishinda. Nilimchora mara ya kwanza, Fredrick akasema huyu anaomba msamaha. Nikamchora tena, akasema huyu ni Mtakatifu Yosefu amepotea njia. Anataka mtu ambaye akisema twende, watu wanajitwika mizigo na kwenda.

Jumamosi iliyopita nikampata, stendi. Mwanamke. Alikuwa amekaa juu ya magunia yake ya mchele anasimamia upakiaji. Hakupaza sauti hata kidogo. Alinyoosha kidole, gunia likapanda. Kondakta alikuja kumwambia asogee, yule mama akamtazama tu, kondakta akaenda kumtafutia mwavuli. Nikararua boksi la biskuti nikamchora palepale, nimejificha nyuma ya kibanda cha chipsi. Sasa yuko ukutani. Nimempaka weupe, nimemvisha kofia na buti, nikamwekea ndevu. Fredrick alipoingia na kumwona alivua kofia yake mwenyewe.

Yule mama hajui kama anaongoza Wazungu. Hiyo ndiyo kazi yangu, mama. Nangoja neno lako.

Mtoto wako kama utakubali,
Nashon.


Kibaoni
13 Juni 2024

Nashon,

Marahaba. Barua imefika, kondakta ameileta mwenyewe mpaka mlangoni.

Naona kazi yako ina mambo kuliko nilivyodhani. Lakini nina maswali, na nauliza kama mtu anayetaka kuielewa kazi, si vinginevyo.

Huyo mama wa magunia yukoje? Mzee? Mnene? Umesema alimtazama kondakta, alimtazama vipi? Ndevu umemwekea kwa sababu yule Mzungu wa kalenda alikuwa nazo, au kidevu cha huyo mama kilikushinda? Ulipokuwa umejificha kwenye chipsi, kama wezi wanavyojificha, ulimwonaje, mtu mwema au mtu mbaya? Sema kweli. Mchoraji anayeogopa kusema alichokiona, na kwenye ndoa atakuwa hivyohivyo.

Wauza mchele tupo wengi. Mimi mwenyewe nauza. Ila Jumamosi hiyo sikufika Mpanda, miguu ilikuwa inaniuma.

Generosa.


Misunkumilo
17 Juni 2024

Shikamoo mama, na pole sana na miguu. Kuna dawa ya kuchua baba yangu anaitumia, ukitaka nitampa kondakta.

Umeniambia niseme kweli, nami nasema.

Si mzee sana. Mnene kiasi, mnene wa mtu asiyesukumika. Kidevu hakikunishinda, bali kilinitisha. Ni kidevu cha mtu aliyekwisha kukataa kabla hujaomba. Nilimwambia mpakiaji mmoja rafiki yangu, "Namhurumia mwanaume atakayekuwa mkwe wa huyu." Tukacheka sana. Mwema au mbaya sijui, lakini ningekuwa gunia ningepanda mwenyewe.

Ila kuna kitu kingine sijamwambia Fredrick, nakuambia wewe. Magunia yalipokwisha kupanda, wapakiaji wakaondoka, na yule mama akabaki amekaa anaitazama barabara. Hakuwa anaangalia basi, basi lilikuwa pembeni yake. Mama, alionekana kama mtu ambaye kila siku anawaambia wengine waende wapi, na yeye hana wa kumuuliza. Macho hayo ndiyo nimeyaweka ukutani. Watu wanasifia kofia na buti, lakini mimi nikiingia asubuhi naanza kwa kuyatazama macho hayo. Siku moja ningependa kumchora yeye kama yeye, bila weupe na bila ndevu, ila sithubutu kumwomba.

Umesema nisiogope. Nimejitahidi.

Nashon.


Kibaoni
24 Juni 2024

Mwanangu Natalia,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nitacheka au nitalia, na jirani anasikiliza. Yule mama wa magunia aliye kwenye ukuta wa Nashon ni mimi.

Ndiyo. Mimi mama yako. Nilijua tangu barua yake ya kwanza, nilikumbuka mwavuli wa kondakta. Nikamficha, nikamwambia sikufika Mpanda, ili nione atasema nini. Akasema. Amesema anamhurumia atakayekuwa mkwe wangu. Nilitaka bahasha ya posa irudi kwa basi la siku hiyohiyo, nilikwisha kuitoa hata kabatini.

Lakini kabla ya kumpa mtu hukumu nikasema niende nikajione. Juzi nikapanda basi, nikafika kwa Fredrick mchana Nashon akiwa ameenda kununua rangi, nikaagiza wali kuku, nikakaa nimeelekea ukutani. Nikainua macho.

Mwanangu, mimi ni Mzungu. Nina kofia pana, nina buti mpaka magotini, nina ndevu nyekundu kama za mahindi mabichi. Mbele yangu kuna buli, nyuma yangu kuna mahema, na wapakiaji wa stendi wamejitwika masanduku wanangoja niseme. Mhudumu aliyeleta chakula alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena, halafu akaniletea supu ambayo sikuagiza. Nilicheka mpaka mwiko wa jikoni ukachungulia, maana mpishi alikuja nao mkononi. Baba yako angeliona lile jambo angeanguka chini.

Halafu nikayaona macho. Alivyoandika ndivyo yalivyo. Tangu baba yako afariki, kila nikimaliza kupakia mzigo natazama barabara hivyo, namtafuta mtu wa kumuuliza kama nimefanya sawa. Nilidhani haionekani. Sijawahi kukuambia hata wewe. Na kijana amekaa nyuma ya kibanda cha chipsi, hanijui, ameona. Nililia, Natalia, kwenye wali wa watu, na yule mhudumu akadhani supu ina pilipili.

Sasa sijui nifanye nini. Kama mtani namcheka mwaka mzima. Kama mkwe, Wasukuma wana mambo yao. Akijua kwamba wiki zote hizi amemkodolea macho mama mkwe wake, tena amemwotesha ndevu, aibu itamla. Atakimbia na posa yake, na wazee wake watasema ndoa imeanza na mkosi. Kwa hiyo usimwambie. Niache kwanza moyo wangu utulie.

Mama yako.


Mishamo
28 Juni 2024

Nashon mpenzi,

Mama amenikataza nisikuambie. Nimekaa na jambo hili kwa siku kadhaa hapa zahanati, jana nimemchoma mgonjwa sindano huku nacheka, amekwenda kunishtaki. Bora unichukie mimi kuliko uje usikie kwa wapakiaji.

Mama wa magunia ni mama yangu.

Najua hujawahi kumwona. Picha niliyokuonyesha ni ya Komunyo yangu ya kwanza, wakati huo alikuwa mwembamba kama mimi. Ameshaenda kwa Fredrick, amejiona, amekula. Amecheka na amelia, na sijamsikia mama akilia juu ya jambo lolote tangu msiba wa baba.

Hajasema hapana. Nashon, nakuomba, usifanye papara. Ukuta usiuguse. Mwandikie tu.

Wako,
Natalia.


Misunkumilo
1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika na vumbi la ukuta bado vidoleni, usinilaumu kwa mwandiko.

Natalia ameniambia. Usimkasirikie. Kwenye barua yake aliniambia nisiguse ukuta, lakini mimi nilisoma mistari ya mwanzo tu nikakimbilia kwa Fredrick, nikashika kikwangulio, ya mwisho nikaja kuisoma baadaye. Nilitaka nikuondoe kwenye aibu haraka. Nikaanza na ndevu, maana ndizo zilizonichoma zaidi.

Nilikosea. Ndevu zilipotoka ndipo ukabaki wewe mwenyewe, mama, na kofia ya Kizungu na buti, umekaa katikati ya kambi. Wapakiaji walikuwa dirishani. Wamekutambua wote kwa pamoja, na sasa stendi nzima wanaitana kuja kumwona Mama Kibaoni kiongozi wa Wazungu. Nilipofika machoni mkono ukagoma. Sikuweza kuyafuta, wala sasa siwezi kuyatazama. Nimening'iniza mkeka mbele ya uso wako.

Fredrick amechachamaa. Ufunguzi ni Sabasaba, wageni wamealikwa. Asipomkuta mwanaume mwenye ndevu kwenye kiti kile, Jumamosi jioni anapiga chokaa ukuta wote na kazi yangu imekwisha, na jina langu mjini limekwisha nayo. Baba yangu nilipomwambia aliuliza ndevu zilikuwa ndefu kiasi gani. Nikamwonyesha. Akainuka akaenda kwa ng'ombe wake.

Nimekukosea kwa kukutazama na nimekukosea kwa kukusema. Lile la kumhurumia mkwe wako nalirudisha, ingawa naona limeniangukia mimi. Ukisema posa imekufa, Mzee Anicet atakuja kuchukua bahasha, na sitakulaumu. Natalia nitaendelea kumpenda, hilo siwezi kulikwangua. Ila uso ni wako. Niambie niufute au niuache. Mpaka lipatikane neno lako, brashi sishiki.

Nashon.


Misunkumilo
6 Julai 2024, Jumamosi

Natalia wangu,

Mama hakujibu barua yangu. Kila basi la Kibaoni likiingia nilikuwa namwendea kondakta, naye ananiambia hakuna kitu, mpaka leo akaanza kujificha akiniona. Nikajua imekwisha. Asubuhi nikaenda kwa Fredrick kukusanya vyombo vyangu kabla chokaa haijaletwa. Ndoo ya chokaa nikaikuta mlangoni.

Nikasema nimuage japo mara moja. Nikapanda ngazi, nikautoa mkeka usoni, nikawa nimesimama hivyo, nikasikia kiti kinavutwa nyuma yangu. Nilidhani ni mhudumu.

"Usigeuke," sauti ikasema.

Nikaijua. Ndiyo ile iliyokuwa haipazwi stendi. Nilishika ile kofia ya ukutani nisianguke, nikaichafua. Mama yako akaniambia niendelee kutazama ukutani. Yeye ni Mfipa, akasema, kusema atasema, lakini kutotazamana ni mila ya baba yangu, na hajapanda basi kuja kuvunja mila ya mtu. Nikamwamkia nikiwa nimeelekea ukuta. Akaitikia marahaba kutoka nyuma, na mimi namwona mbele, Natalia, sijui nikuelezeje.

Akaniuliza kwa nini nilizikwangua ndevu. Nikasema aibu. Akasema mwenye aibu hufuta uso wote, macho niliyaacha kwa nini. Nikamwambia kweli, kwamba nilipofika pale niliona mtu, na mtu siwezi kumfuta. Nilisikia anafungua mkoba, nikasikia anapenga.

Halafu akaanza kazi. Ndevu zirudi, akasema, na safari hii ziwe za mtu mwenye mali. Nikashika brashi. Kushoto ziongeze. Hapo punguza, unanifanya beberu. Kofia ishushe, jua la Katavi halina adabu. Tumbo lile ni la nani? Nikamwambia ni la Fredrick, nilikosa mfano. Akasema mrudishie mwenyewe. Fredrick alikuwa jikoni, akasikia, akafunga mlango. Wapakiaji walijaa dirishani, mama yako akawauliza kama magunia ya leo yanajipakia, wakatoweka wote. Nilichora mpaka shati likalowa, na kila aliponiambia ongeza niliongeza, na mwisho Fredrick akatoka, akatazama ukuta, akaibeba ndoo ya chokaa mwenyewe akaipeleka nyuma.

Nikajua amesimama, maana kiti kililia. Sauti yake ikawa nyingine kabisa, ya chini, kama alivyokuwa anaongea na wewe ulipokuwa mdogo, ulivyowahi kunisimulia.

"Wewe ndiye unayeona," akasema. "Natalia nimekupa."

Nilimjibu, "Asante mama." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja una brashi na mwingine umeshika ngazi. Nikasikia viatu vyake vinatoka mlangoni, taratibu, hana haraka na basi lolote. Sikugeuka mpaka viliponyamaza. Lile neno la asante nilimwambia mama yako uso kwa uso, Natalia, nikimtazama machoni, na mila ya baba yangu sikuivunja.

Mchumba wako,
Nashon.